Sungura wa Bibi Nuzhati na Sahani ya Tini

Katika zama za wafalme ambao leo makaburi yao hayajulikani, mji wa Darmuzi, ulio nyuma ya milima ya chumvi, ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Qaimazi, na Mwenyezi Mungu alimjaalia ufalme mpana na hazina isiyopungua, lakini hakumjaalia mtoto ila binti mmoja tu, Bibi Nuzhati, ambaye mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Na binti huyo alipotimiza miaka kumi na minane wakaja wachumba kutoka kila upande, wana wa wafalme na wana wa matajiri, na Sultani akawarudisha wote kwa maneno mazuri na zawadi, na watu wakasema, "Baba huyu anampenda mwanawe kupita kiasi."

Na katika bustani ya binti huyo walikuwamo sungura thelathini, weupe kama pamba, na aliyewatunza alikuwa kijana aitwaye Shamlani bin Idarusi, aliyekaa pamoja na mama yake, Bi Khadhra, katika kibanda kilichoegemea ukuta wa bustani. Kijana huyo hakuwa na mali wala jamaa, na furaha yake ilikuwa kumsikia mama yake akisoma uradi asubuhi na kumkaripia jioni, kwani Bi Khadhra alikuwa na sauti nzito na tamu, na hata matusi yake yalikuwa na mahadhi.

Basi mwaka ule Bibi Nuzhati akaugua. Nywele zikamnyonyoka, kucha zikageuka rangi, na tumbo likamsokota mchana kutwa, na matabibu wakaja na wakaondoka, na hakuna aliyejua ugonjwa wala dawa. Sultani akahuzunika mbele ya watu, na kila asubuhi, kama alivyoanza siku chache kabla ya ugonjwa, akawa akimenya tini kwa mkono wake mwenyewe, sahani nzima, na kumpa yaya wa binti, Bi Ruzuna, ampelekee. Na Bibi Nuzhati, kwa mapenzi yake, akawa akila nusu na nusu akiwagawia sungura wake. Ukapita mwezi, na sungura nao wakaanza kufa, leo mmoja, keshokutwa wawili, bila jeraha na bila kelele.

Siku moja binti alichukuliwa na kulazwa kivulini, akamwita Shamlani na kumwambia, "Wewe unaishi nao, Shamlani. Wanasemaje?"

Akajibu, "Bibi yangu, sungura hana sauti."

"Kila chenye roho kina sauti. Ni sisi tusiosikia. Nami naona wananitangulia njia moja, basi nataka kujua ni njia gani."

Shamlani akaondoka moyo umemjaa, kwa kuwa alikuwa akimpenda binti yule kwa mapenzi ambayo hata nafsi yake hakuwahi kuiambia. Na alipofika mwisho wa bustani akamkuta sungura jike mwenye mimba akichimba shimo la kuzalia, na udongo ukiruka nyuma yake, na katika udongo ule kikatokea kichupa cha shaba kilichozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Akakiokota na kukizibua, na humo ukatoka moshi mwembamba kama wa ubani, na moshi ukawa jini mzee, mkondefu, mwenye macho ya mtu aliyechoka.

Jini akasema, "Ewe mwanadamu, nimefungwa humu miaka elfu na mia mbili, na nimeapa kumtumikia anifunguaye kwa haja moja, kisha niende zangu. Taka mali, au taka ufalme, au taka umri."

Shamlani akasema, "Nataka kufahamu wasemayo sungura."

Jini akasema, "Hilo ni dogo kwangu na zito kwako. Sungura hana maneno. Ana sauti chache, na zote ni ndogo, na maumivu yake huyaficha, kwa sababu kila mwenye meno humwinda. Nitakufungua masikio, ujue meno yasagwayo kwa raha na meno yasagwayo kwa uchungu, na mvumo wa mapenzi, na mguu upigwao chini kwa hatari. Lakini sheria yetu ina bei. Kila utakapomfunulia binadamu ulichokisikia kwao, sauti moja uipendayo itakufia masikioni, na itaanza ile uipendayo kuliko zote. Je, umeridhia?"

Kijana akamkumbuka binti aliyelala kivulini, akasema, "Nimeridhia." Jini akamgusa masikio kwa vidole viwili vya baridi, na akatoweka, na hakuonekana tena.

Asubuhi iliyofuata sahani ikaletwa, na sungura wakala tini zao, na Shamlani akaketi kati yao. Kabla ya adhuhuri akasikia sauti ambayo zamani aliidhani ni utulivu wa mnyama aliyeshiba, meno yakisagana, na safari hii akaijua maana yake, kwani wote walikuwa wakilia. Walikuwa wamejikunja, macho nusu wazi, na tumbo la kila mmoja lilikuwa likiungua. Akaenda mbio hata kwa Bibi Nuzhati na kusema, "Bibi yangu, usile tini tena. Sungura wanasema zina sumu."

Jioni ile alipofika nyumbani alimkuta mama yake mlangoni, midomo ikitembea na mkono umeshika kiuno, na hakusikia kitu. Akasikia kuku, akasikia upepo, akasikia kijiko kikianguka jikoni. Sauti ya mama yake haikuwapo. Akampigia magoti na kumshika miguu, na Bi Khadhra akadhani mwanawe ameingiwa na wazimu, akamsomea dua ambayo hakuisikia.

Na habari ya tini ilipoenea, Sultani akapasua kanzu yake kwa hasira, na akaamuru akamatwe Bi Ruzuna, kwa hoja ya kuwa yeye ndiye mwenye kuibeba sahani. Mama huyo alikuwa amemnyonyesha Nuzhati, naye akalia. Ikaamriwa akatwe kichwa siku ya Ijumaa, baada ya sala, mbele ya barza, baraza la Sultani la hukumu.

Siku ya Jumatano Sultani akashuka bustanini kumtazama mwanawe, na alipopita penye sungura, jike lile lenye mimba likapiga mguu chini, na wa pili akapiga, na wa tatu, na wote wakakimbilia mashimoni. Shamlani akasimama kama aliyepigwa na radi. Akakumbuka kwamba Bi Ruzuna alipokuwa akija na sahani, sungura walikuwa wakimzunguka miguuni na kuvuma kwa mapenzi. Hofu yao haikuwa kwa mkono uliobeba tini, ilikuwa kwa mkono uliozimenya, na harufu ya sumu ilikuwa katika vidole vya mfalme.

Basi akakaa siku mbili katika dhiki. Akawa akijiambia, "Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atauawa kwa ajili ya neno langu. Nikisema, nitauawa mimi, na kabla sijafa nitaipoteza sauti ya pili." Na sauti ya pili aliijua ni ya nani. Alitaka shauri la mama yake bila kumfunulia alichokisikia, na mama yake alimshauri kwa saa nzima, na yeye akaona midomo tu.

Ijumaa ikafika. Barza ikajaa mawaziri na makadhi, na Bi Ruzuna akaletwa amefungwa kamba, na Bibi Nuzhati akabebwa kitandani, kwa kuwa alikataa kubaki ndani. Na sahani ya mwisho ya tini, iliyomenywa kabla habari haijaenea na ambayo hakuna aliyeionja, ililetwa kuwa ushahidi. Shamlani akaingia na sungura wawili ndani ya kikapu, akainama, akasema, "Mola wangu, naomba ruhusa yaya auingize mkono kikapuni."

Bi Ruzuna akafunguliwa mkono mmoja na kuuingiza, na sungura wakaulamba.

Shamlani akasema, "Mola wangu, wamekuona ukipita, wakapiga mguu chini. Ninajua maana yake, na ninaisema mbele ya watu. Wanauogopa mkono wako."

Sultani akasema polepole, "Mnyama hasemi. Askari, mwonyesheni mjinga huyu kwamba mnyama hasemi." Askari mmoja akamshika sungura mmoja shingoni na kumnyonga, na sungura akatoa ukelele, ule anaoutoa mara moja tu maishani, mkali, mrefu, kama wa mtoto mchanga aliyetiwa motoni, na makadhi wakaziba masikio yao.

Hapo Bibi Nuzhati akainuka kitandani. Akaitwaa sahani kwa mikono miwili na kuiweka mbele ya baba yake. Shamlani aliona midomo yake tu, lakini watu wote waliyasikia maneno yake, nayo yalikuwa, "Kula, baba. Umezimenya mwenyewe."

Sultani akamtazama mwanawe, akamwona upara na mashavu yaliyoingia ndani. Akasema, "Siku uliyozaliwa mnajimu aliniambia kwamba atakayekuoa wewe atakikalia kiti hiki. Nilifukuza wachumba hata nikachoka. Kisha nikawa nakupa kidogo kidogo, mwanangu, ili usiumie, na sahani hii ndiyo niliyoitia ya kumalizia."

Binti akasema, "Niliumia kila siku."

Basi Sultani Mundhiri akaanza kula. Akala ya kwanza, akala ya pili, na hakuna aliyethubutu kumzuia wala aliyetaka, na akaimaliza sahani yote kwa utaratibu wa mtu anayekula nyumbani kwake. Alasiri haijaadhiniwa alikuwa amekwisha kufa sakafuni, na mwanawe amemshika kichwa.

Bi Ruzuna akafunguliwa. Bibi Nuzhati akapona baada ya mwaka, na nywele zikaota zikiwa nyeupe, na mawaziri wakaja na orodha ya wana wa wafalme, naye akasema hamtaki mwingine ila mtunza sungura. Wakaoana, ikapigwa ngoma siku saba, na Shamlani akakikalia kiti cha Darmuzi, na akatawala kwa haki, na hazina ikaongezeka. Na katika mambo yote ya barza alisikia kila mtu, mwombaji na mwizi na balozi, isipokuwa mke wake, ambaye alimwandikia kwa wino aliyotaka kumwambia.

Mwaka wa tano Bi Khadhra akashikwa na maradhi ya mwisho. Shamlani akaketi kitandani pake, akaliweka sikio lake juu ya midomo ya mama yake, na akahisi pumzi tu. Alipokata roho, mfalme akamgeukia Bi Ruzuna na kumwuliza, "Alisema nini?"

Bi Ruzuna akamfumba marehemu macho, kisha akasema, "Alisema ufunge dirisha, utapata baridi."

Shamlani akaenda, akalifunga dirisha.

Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Darmuzi. Na waliotutangulia, walipokwisha kuisimulia habari hii, walikuwa wakisema: anyamazaye si kwamba hana maumivu, na asemaye kweli huilipa kwa kile anachokipenda, naye hulipa peke yake.