Udongo wa Kaburi la Mwanakombo

Hapo zamani, enzi ambazo watu wa Mkongoleni walikwenda haja migombani wala hawakuona taabu, alikuwapo mwanamke aitwaye Siwatu. Wenziwe aliochezwa nao unyago walishakuwa mama Fulani na mama Fulani. Yeye alibaki Siwatu. Mtoto wa jirani akiita "Mama!", aligeuka, kisha akajicheka. Alitamani kuitwa, jamani, alitamani hadi kifua kikamuuma.

Dada yake Mwanakombo alifariki akaacha binti, Tunu. Baba wa mtoto alikwisha kutangulia. Tunu akalelewa na bibi yake, Bi Mize, mama yao Siwatu na Mwanakombo, na kila alasiri bibi alimshika mkono wakaenda makaburini. Huko mtoto aliinama, akachota udongo wa kaburi la mama yake, akala.

"Ana hamu na mama yake," watu walisema. "Mwacheni."

Maana ndiyo iliyokuwa desturi ya Mkongoleni: yatima hazuiwi kaburini. Basi mtoto akala, akapauka. Mtoto akala, uso ukamvimba. Mtoto akala, mwisho akawa hafiki kisimani bila kuketi njiani akihema.

Siku moja Siwatu alikuja kuwajulia hali. Akamkuta Tunu nyuma ya jiko, anabandua udongo wa ukuta, anatafuna. Siwatu akaduwaa. Kama ni hamu ya mama, mbona anakula ukuta wa jiko? Ndipo akamkumbuka Mwanakombo mwenyewe, wakiwa wadogo, midomo imejaa vumbi la kichuguu. Akamfunua Tunu kope: nyeupe. Akamtazama ulimi: mweupe. Akamgeuza viganja: vyeupe. Akamwendea Bi Mize mbio.

"Mama, hii si hamu. Hii ni safura, ileile iliyomshika dada utotoni. Minyoo inamnywa damu, ndiyo maana anatamani udongo. Umesahau?"

Bi Mize akaketi chini. "Sikusahau, mwanangu. Nilitaka tu iwe hamu. Nilitaka niwe na mwenzangu wa kumlilia Mwanakombo." Kisha akajifuta uso. "Mimi nimezeeka, na huzuni imenipofusha. Atakayemponya mtoto huyu, huyo ndiye atakayemlea, na mtoto atamwita mama."

Siwatu akambeba Tunu mgongoni. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Maji yalipomfika kifuani, akaogopa. Akarudi analia.

Sikudhani, shangazi yake mtoto, dada wa marehemu baba yake, akamwona. "Nipe huyo, wifi." Akamfunga Tunu juu ya mabega, akaingia majini, akatokea upande wa pili. Tabibu alipotazama choo cha mtoto kwa hadubini, aliona mayai ya minyoo tele. Akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Sikudhani akakaa naye huko, akimlisha matembele na dagaa, mpaka mtoto akarudi kwa miguu yake, anaimba.

Lakini mvua nyingine iliponyesha, Tunu alionekana tena ukutani, analamba.

Mjomba wake Ngwali, kaka yake Siwatu, mtu wa maneno machache, akauliza, "Minyoo ilitoka. Imerudije?"

"Tabibu aliniambia inapenyea nyayo," Sikudhani akajibu, "pale penye mavi ya watu. Nami nikapuuza."

Ngwali akachukua jembe. Akachimba choo nyuma ya nyumba, shimo refu. Watu wakamtania, "Ngwali, unamzika nani?" Akaendelea kuchimba. Akakata mpira wa gurudumu kuukuu, akamshonea Tunu makubazi, akamkataza kwenda migombani. Mtoto akanyweshwa dawa mara ya pili. Safura haikurudi.

Ndipo wakakutana kwa Bi Mize.

Siwatu akasema, "Nyote mlisema ni hamu. Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa. Ningenyamaza, leo tungekuwa na makaburi mawili."

"Kujua unajua, wifi, lakini mto ulikurudisha," Sikudhani akasema. "Mimi nilivuka. Isitoshe, mtoto ni wa kuumeni, kwa ndugu wa baba yake."

Ngwali akakohoa. "Mlimponya akaugua tena. Mimi niliziba njia." Halafu akaongeza, "Kuitwa mama sitaki, lakini kulea naweza." Watu wakacheka, ila Siwatu hakucheka.

Bi Mize akamwita mjukuu wake. "Tunu, umewasikia. Wewe unasemaje?"

Tunu akawatazama mmoja mmoja. Mashavu yalikuwa yamejaa, macho maangavu.

"Nilidhani nikipona nitaacha kumtaka mama," akasema. "Udongo siutaki tena, lakini mama namtaka vilevile. Nani atanipeleka makaburini alasiri, nikae naye tu?"

 Siwatu akarudi nyuma hatua moja, kwani tangu siku ya maziko hakuwahi kuthubutu kulikaribia kaburi la dada yake. Sikudhani akaangalia chini. Ngwali akashika mpini wa jembe. Na Bi Mize, aliyejua akanyamaza, nusura mtoto amfie mikononi, mkono wake ulikuwa tayari umenyooka kumshika Tunu, kwa mazoea tu.

Enyi mnaonisikiliza, alasiri imefika na mtoto amesimama mlangoni, makubazi miguuni. Yuko aliyeutambua ugonjwa, yuko aliyevuka mto, yuko aliyeziba njia, na yuko aliyekosa lakini hakumwacha mtoto aende peke yake hata siku moja. Je, nani alistahili kuitwa mama?