Fisi na Chungu cha Wenye Uchu

Paukwa! Nanyi wa nyuma acheni kutafuna, nasema paukwa! Pakawa.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la pamoja. Ghala halikuwa la njaa. Mwenye njaa alikwenda kutafuta, mwenye kiu alikwenda mtoni. Ghala lilikuwa la wenye uchu: wajawazito, na waliotoka kuugua, ambao roho zao hutaka kitu kimoja tu, na wakikikosa hawalali. Mila ilikuwa fupi. Asemaye mlangoni "nina uchu" hanyimwi, na akipewa hula palepale, mpaka ameze.

Mlinzi wa ghala alikuwa Nungunungu. Aliipenda kazi yake, mpaka Fisi alipolijua lile neno.

Asubuhi Fisi alifika. Nina uchu. Akapewa asali. Lamba, lamba, kwisha. Jioni akarudi. Nina uchu. Akapewa samaki mkavu. Kacha, kacha, kwisha. Nungunungu akamwambia hiyo ni njaa. Fisi akasema tumbo ni lake, yeye ndiye ajuaye lina nini. Akaambiwa uchu hauji kila kukicha kama jua. Akajibu kwamba wake ndivyo ulivyo. Nungunungu akaenda kuwalalamikia majirani, nao wakamwambia mila ni mila. Akarudi miiba imemsimama.

Vyungu vya ghala vikaisha, kikabaki kimoja, kimefunikwa kawa. Hicho kilikuwa cha Paa. Paa alikuwa na mimba, na kila alichokula alikitapika, isipokuwa udongo wa kichuguu. Masika yalikuwa yameyeyusha vichuguu vyote. Udongo mkavu uliobaki bondeni ulikuwa ule wa chunguni. Akiukosa, hali kitu, na mimba haikai.

Siku hiyo Paa alikuwa akipanda kilima polepole, majirani wamemshika. Fisi akamtangulia.

"Bi Nungunungu, nina uchu."

Nungunungu akashusha pumzi. "Uchu wa nini, Fisi?"

Fisi hakuwahi kuulizwa hivyo. Akatazama huku na huku. "Wa kilichomo chunguni."

"Unakijua?"

"Nikijue cha nini? Nipe nile."

"Mwenye uchu hukijua kitu chake hata akifumba macho. Kitaje, uchukue chungu kizima."

Fisi akataja nyama. Akataja asali. Akataja samaki, maziwa, mafuta, mate yakimdondoka, twa, twa. Mwisho akasema, "Basi chochote kilichopo."

Nungunungu alikuwa amechoka kubishana. Akachota konzi moja chunguni, akampa, akamwambia ameze, ndiyo mila. Fisi akatafuna. Kra. Kra. Akasita. Akatema, pfu, mbele ya majirani waliokuwa wamefika mlangoni.

Nungunungu akamgeukia Paa. "Na wewe, mwanangu? Uchu wa nini?"

"Udongo wa kichuguu, mama. Ule mwekundu. Nasikia harufu yake toka hapa."

Akapewa. Akala amefumba macho, akameza. Majirani wakasubiri. Hakutapika.

Tangu siku hiyo, pale mlangoni haitoshi kusema nina uchu. Unaulizwa wa nini. Fisi hupita mbali.

Nanyi mmesikia. Uchu hutaka kitu kimoja, na mwenyewe hukijua. Kinachotaka chochote kilichopo ni uroho. Msiuite uchu, mkawamalizia wenye nao.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye uchu wa nyingine aseme ni ipi.