Samaki wa Mlangoni

Sogeeni mbele, wanangu, hapa mbele pana nafasi, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Leo nimewaletea mama mmoja. Jina lake sina, na mji wake msiniulize, ila ulikuwa mji wa bandari chini ya utawala wa Warumi, zamani zile ambapo kumkiri Yesu kulikuwa kosa la kufungwa. Alikuwa mjane mwenye mwili wake na kicheko chake, akikaanga samaki nje ya mlango wake karibu na soko. Ukipita pale na njaa yako, hupiti. Unasimama.

Mlango wake ulikuwa wa mbao, na kwenye mbao hizo marehemu mumewe alikuwa amechora samaki kwa masizi na mafuta, mistari miwili tu inayokutana kichwani na kupishana mkiani. Alimchora kwa ajili ya biashara, ili wageni wasiulize ulize. Mume akafariki. Baadaye yule mama akaisikia Injili, akaamini, akabatizwa. Na siku ndugu wa kanisa walipomfundisha alama yao ya siri, alicheka mpaka akashika mbavu. Maana alama yenyewe ilikuwa samaki!

Katekista wetu wa zamani, Mungu amlaze pema, alitueleza hivi: kwa Kiyunani, lugha ya watu wale, neno samaki ukilichambua herufi moja moja, kila herufi inaanza neno lake, na maneno hayo ukiyaunganisha unapata Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Mimi herufi hizo sizijui. Maneno yale nayajua.

Basi yule mama akawatania wenzake. "Nyie mnahangaika bure! Mmoja anachora chini ya taa, mwingine ndani ya pete. Mimi wangu yuko mlangoni mchana kweupe, na hao hao Warumi wanasimama chini yake wakila!"

"Wewe dada, Mungu amekuficha ndani ya kaango," akajibu jirani yake, mzee mfinyanzi aliyekuwa akitengeneza taa za udongo. Naye ndiye huyo wa kuchora chini ya taa.

Na ni kweli alikuwa amefichika. Waumini walikusanyika katika chumba chake cha nyuma, katikati ya makapu ya ng'onda, samaki wale waliotiwa chumvi na kuanikwa, na mpelelezi gani angevumilia harufu ile? Wakimega mkate, wakiomba kwa sauti ya chini, huku mkamwana wake, mke wa mwanawe aliyekuwa safarini baharini, akibaki mbele kugeuza samaki ili watu wasikie mafuta yanavyolia.

Mteja wake mkubwa alikuwa nani? Akida wa askari wa mji. Mtu mpole kwa tumbo lake, mkali kwa wengine. Alikuwa akija kila siku na maneno yake: "Mama, samaki wa jana alikuwa na chumvi utadhani umempikia punda!" Naye mama anamrudishia: "Na bado ulilamba vidole, bwana mkubwa." Wanacheka. Wamezoeana.

Sasa sikilizeni. Likatoka agizo kwa liwali. Kila mtu apite mbele ya sanamu ya Kaisari, atie uvumba kidogo motoni, aseme, "Kaisari ni Bwana." Kidogo tu, wanangu, kama chumvi ya kuonja. Na Warumi walikuwa wameshagundua ile alama. Nyumba ikionekana samaki aliyechorwa bila sababu inayojulikana, mwenyewe akamatwe, ahojiwe. Asipomkana Yesu, gerezani.

Asubuhi hiyo walianzia kwa mfinyanzi. Askari akapindua taa moja, akapindua ya pili. "Mzee, wewe unauza taa au unauza samaki?" Mzee akaweka chini udongo aliokuwa akiufinyanga. Wakamfunga mikono, wakamtoa nje. Halafu, mlango unaofuata, ni nani? Ni yule mama.

Akasimama kwenye kaango lake, kijiko mkononi, akamwona jirani yake amefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Akida akaja na askari wake nyuma, na usoni anatabasamu.

"Mama, usitetemeke," akasema. "Wewe tunakujua. Huyu samaki wako ni wa biashara tu, sivyo?"

Mnaona alivyompa jibu ndani ya swali? Hakumtaka hata aape. Hakutaka uvumba. Alitaka mama aitikie kwa kichwa, yeye akida apite, na kesho aje ale samaki wake kama kawaida.

Na zaidi ya hapo, haukuwa uongo! Samaki yule si alichorwa kwa ajili ya biashara? Mkamwana akamvuta nguo kwa nyuma, akanong'ona, "Mama, itikia tu. Itikia tu, mama, si uongo. Mimi nitabaki na nani?"

Hata mzee mfinyanzi, na kamba zake mikononi, akasema kwa sauti, "Bwana akida, huyo ni mchuuzi tu. Hana habari na mambo yetu." Mzee alikuwa anamwokoa dada yake wa imani. Nani angemlaumu?

Mama yule akatazama mlango. Samaki alikuwa hapo, hafifu, moshi wa miaka yote ya kukaanga umemfunika, ukitaka kumwona ni mpaka ujue yupo. Na likamjia wazo moja ambalo hakuwahi kuliwaza siku zote alizokuwa akijisifu. Akajiuliza: huyu samaki wangu, amewahi kumwambia mtu yeyote neno lolote? Warumi wamekula chini yake, wamenenepa chini yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Ndugu yangu hana pa kujitetea, anakwenda gerezani kwa mistari miwili. Mimi ninayo mistari ile ile, nami nibaki nikigeuza samaki?

Akaweka kijiko chini. Akajifuta mikono kwenye nguo.

"Bwana mkubwa, ni kweli," akasema. "Alipochorwa alikuwa wa biashara. Hata mimi wakati ule nilikuwa wa biashara tu. Halafu tukabadilika wote wawili."

"Mama, unasema nini?"

"Nasema hivi. Hawa wa kwenye kapu nawauza mimi. Huyu wa mlangoni ndiye aliyeninunua mimi."

Akawa anasikika samaki kaangoni peke yake, anaanza kuungua, hakuna wa kumgeuza.

Akida akamsogelea, akapunguza sauti, na hapo wanangu ndipo palipokuwa pagumu kuliko mwanzo, kwa sababu alikuwa anamwonea huruma ya kweli. "Mama, mimi sikusikia hilo. Umri huo, jua hili. Sema tena, sema vizuri, na mimi nitasikia vizuri."

"Basi sogeza sikio, mwanangu. Yesu ni Bwana. Umesikia vizuri?"

Akida akarudi nyuma kama aliyerukiwa na mafuta ya moto. Huruma ikaisha, hasira ikaja, maana watu walikuwa wanamtazama. "Mfungeni! Na wewe," akamwambia askari mmoja kijana mwenye kisu, "kwangua uchafu huo mlangoni. Asibaki hata mkia!"

Kijana akaanza kukwangua. Akafuata mistari, mgongo, tumbo, mkia, taratibu, fundi kabisa. Masizi yanaanguka chini. Na alipomaliza akarudi nyuma kuangalia kazi yake, mdomo ukabaki wazi.

Mlango mzima ulikuwa mweusi kwa moshi, si nimewaambia? Pale kisu kilipopita palikuwa peupe, mbao safi kama siku ilipotoka kwa seremala. Yule samaki hafifu ambaye ilibidi uinamishe kichwa ndipo umwone, sasa anang'aa mlango mzima! Anaonekana kutoka kwa wauza mboga. Anaonekana kutoka kwenye ngazi za sanamu ya Kaisari!

"Kwangua na pembeni yake!" akida akapiga kelele.

Kijana akakwangua pembeni. Samaki akanenepa.

"Zaidi!"

Akakwangua zaidi. Samaki akawa mkubwa kama chewa wa baharini. Mama mmoja muuza vitunguu akashindwa kujizuia, akasema, "Jamani, mfugeni vizuri, karibu atazaa!" Soko lote likapasuka kwa kicheko.

"Acha! Acha, mpumbavu wewe, unamnenepesha!" Akida jasho linamtoka. Angeweza kuuvunja mlango, lakini watu walikuwa wamejaa, wanacheka, na kicheko hakikamatwi wala hakifungwi kamba. Akawasukuma wafungwa wake mbele, akaondoka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Njiani mfinyanzi akamwambia mama, "Dada, nilikuwa nimekufungulia njia."

"Njia ilikuwa nzuri, kaka," akasema. "Ila ilikuwa nyembamba, tusingepita wote wawili." Na ndipo wale wazee wawili waliofungwa kamba wakaanza kuimba, na waliokuwa nyuma yao hawakuelewa kama wanapeleka watu gerezani au arusini.

Sitawapaka asali midomoni, wanangu. Mama yule hakurudi kwake. Gereza lilimmaliza, na mzee pia. Lakini ngojeni, msishike leso bado.

Kesho yake mkamwana alifungua biashara. Macho yamevimba kwa kulia, lakini moto aliwasha. Na watu walikuja, wengi kuliko siku yoyote, wananunua kidogo wanauliza sana. "Huyu ni nani hasa, mpaka mama mzima anakubali kufungwa kwa ajili yake?" Yeye anainama tu, anageuza samaki, hajibu. Anaogopa. Ninyi msingeogopa?

Jua lilipopanda akamwona mtu anakuja, amevaa nguo ya kawaida, anatembea kama asiyejua mikono yake aiweke wapi. Akamtambua. Ni yule askari wa kisu. Akasema moyoni, amekuja kunichukua na mimi.

Kijana akasimama mbele ya mlango, akamtazama yule samaki mweupe kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Dada, huyu nimemchonga kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku mzima sijalala. Nimekuja uniambie nimechonga nini."

Hapo, wanangu, hapo! Binti yule si alikuwa na jibu la jana bado mdomoni? Angesema, "Ni wa biashara tu. Unataka wa kukaanga au ng'onda?" Na kijana angeondoka. Nani angejua?

Akaondoa kaango motoni. Akavuta kigoda, akakifuta vumbi.

"Ingia ndani, kaka," akamwambia. "Ukae. Habari zake ni ndefu."

Na yule kijana akaingia. Akaingia, wanangu! Kaisari alituma kisu kumfuta Yesu mlangoni, na kisu kikamchora, na mwenye kisu akaingia ndani! Sasa niambieni ninyi, siku ile katika mji ule aliyeshinda ni nani? Yule mwenye gereza?

Semeni Amina, msiogope, liwali hayupo hapa.

Basi turudi kwetu. Sisi alama tunazo, tena tele. Msalaba shingoni, Yesu kwenye kanga, Yesu nyuma ya pikipiki, duka linaitwa Neema ya Bwana na mizani yake imechezewa. Kwetu hakuna askari anayekuja na kamba. Kwetu anakuja mtu mpole, anatuchekea, anatuletea jibu ndani ya swali. Bosi anasema, "Wewe ni mtu wetu, hayo ya kanisani ni ya Jumapili tu, sivyo?" Marafiki wanasema, "Twende kwa mganga mara moja, we si mgumu hivyo, sivyo?" Shemeji anasema, "Mnyime yule mjane shamba, ndugu wote wamekubali, na wewe umekubali, sivyo?" Na sisi tunaitikia kwa kichwa. Hatujamkana Yesu, tunasema. Tumeitikia kwa kichwa tu! Yesu wetu amekuwa wa biashara, na hatukuona siku alipobadilika.

Lakini sikuja hapa kuwagombeza. Nimekuja kuwaambia kwamba sisi ni watu wa upande uliokwisha kushinda! Unaogopa nini? Watakucheka? Waache. Watakunyima kazi? Uchungu, naujua, na watoto wanataka kula. Mungu aliye mbinguni naye anajua watoto wanataka kula. Watakukwangua jina? Mwanangu, umefunikwa moshi siku nyingi mno. Wakikukwangua ndipo utakapoonekana wewe ni wa nani. Na miongoni mwa hao hao wanaokushikia kisu, yuko mmoja usiku huu hatapata usingizi, na atahitaji mtu wa kumfutia kigoda.

Haya, simameni tuimbe, na muimbe kama watu wenye mapafu. Na wewe uliyetumbukiza msalaba ndani ya blauzi ulipopita sokoni, nilikuona. Utoe nje, upate hewa. Kesho kazini wakikuuliza ni wa nini, waambie wakae.