Alama Chini ya Taji

Msugua hela ya kale hubaki na shaba. Ndivyo shangazi yenu Zena alivyomwambia ndugu yenu Haruna asubuhi, alipomkuta ameshika randa na kopo la vanishi, anataka kulifanya jipya sanduku la marehemu babu yenu. Haruna amecheka akaweka randa chini, lakini ninyi mmekuja kuniuliza hela imeingiaje kwenye habari ya sanduku. Kaeni basi. Maneno hayo hayakutoka mbali. Yalitoka hapa hapa Tabora, mtaa wa Gongoni, kinywani mwa mtu niliyemjua, na mwanzo wake ni huu.

Mwaka wa sitini na tano nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nina cherehani yangu ya kwanza, na nilipangishwa nafasi kwenye baraza ya fundi saa aitwaye Mzee Swedi Mihayo. Yeye upande huu na meza yake ya saa, mimi upande ule na vitambaa vyangu. Alikuwa mpole, maneno machache. Mkewe alikwisha kufariki, na hawakujaliwa mtoto. Saa zilimpa chakula, lakini kilichompa sifa ni sarafu.

Watu walimletea sarafu za zamani kutoka kila pande: pesa za shaba za Unguja, rupia za Mjerumani, hela zenye tundu katikati. Maana hela mnayoitaja ninyi kila siku, zamani ilikuwa sarafu yenyewe. Mzee Swedi aliziangalia akawaambia wenyewe ni za lini na zina hali gani. Hakuwahi kuishika sarafu usoni. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akaigeuza mpaka jua liipige ubavuni, kisha akaweka jichoni kile kioo chake cha kukuzia. Sarafu ambayo haikutumika sana aliiita iliyolala. Iliyopita mikononi mwa watu lakini sura yake inasomeka aliiita iliyotembea. Iliyofutika aliiita iliyochoka, na hata hiyo aliitazama kwa heshima.

Asichokipenda kilikuwa kimoja tu, sarafu iliyosuguliwa. Mtu alikuja na hela inayometa kama kijiko cha harusini, ameisugua kwa limau na majivu akidhani ameipandisha bei. Mzee Swedi aliirudisha taratibu, akamweleza kwamba ule weusi na ule ukijani ndiyo ngozi ya sarafu, na alama ndogo ndogo hukaa kwenye ngozi. Sarafu yenye uchafu mgumu, alisema, huwekwa kwenye mafuta ya karanga siku arobaini, uchafu ukaachia wenyewe.

Sarafu nyingine zote aliwauzia wapenzi wa vitu vya kale waliokuja kwa treni. Lakini hela zilizopigwa hapa Tabora wakati wa vita vya kwanza hakuuza hata moja. Alizinunua zote zilizomfikia, ziwe nzima, ziwe zimechakaa. Upande mmoja zina taji la mfalme wa Wajerumani na mwaka 1916. Kila alipopata moja, alitazama mahali pamoja tu, chini ya taji, kisha akashusha pumzi na kuiweka kwenye kopo. Makopo yalikuwa yamejaa rafu nzima. Nilivumilia miezi kadhaa, mwishowe nikamwuliza anatafuta nini. Akasimamisha kazi, akanieleza.

Baba yake, Mihayo, alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli wakati hela hizo zinapigwa humo. Wabelgiji walipoukaribia mji, Mjerumani alikusanya wanaume wakabebe mizigo ya jeshi kuelekea kusini, na Mihayo akachukuliwa. Usiku wa kuamkia safari alichukua hela mbili za shaba na sindano ya mkewe, Nyamizi, akachora kwenye kila moja mistari mitatu myembamba chini ya taji, kama unyayo wa kuku. Moja akampa mkewe. Nyingine akaifunga kwenye pindo la shuka yake. Alimwambia kwamba yeye hajui kuandika, na huko aendako hakuna wa kumwandikia. Siku atakayoletewa ile hela ya pili, ajue imetoka mkononi mwake.

Hakurudi. Swedi alikuwa na miaka sita. Mama yake alikaa na ile hela miaka ishirini na mitatu. Kila alipopokea chenji sokoni aliigeuza kwanza. Alipokuwa anakata roho alimkabidhi mwanawe ile hela, na kazi ile ya kugeuza. Basi wale waliodhani Mzee Swedi anapenda sarafu walikosea. Alijifunza kuzijua sarafu zote ili aweze kuijua moja.

Sasa, mwezi wa sita mwaka ule, alikuja mwanamke mmoja aitwaye Kalunde, mtu wa vijiji vya mbele ya Kitunda, huko kusini. Alikuwa ameleta asali mjini, na huko sokoni akasikia kuna mzee anayenunua hela za Tabora. Akafungua kitambaa, akatoa kidude cha kijani kibichi, kimejaa magamba na udongo. Mtu mwingine asingejua hata kama ni sarafu. Mzee Swedi aliipima uzito kiganjani, akatazama ukingo, akasema ni hela ya Tabora, ya shaba, na imekaa mahali penye unyevu muda mrefu.

Kalunde akasema ni kweli, ilikaa ndani ya ukuta wa nyumba yao tangu wakati wa Mjerumani. Kisha akaeleza, bila kujua anamweleza nani. Wapagazi wa jeshi walipita kwao, wakamwacha mwenzao mmoja mgonjwa. Aliishi siku nne kwenye nyumba ya babu yake. Koo lilikuwa limemfunga, hakuweza kusema. Siku ya nne alifungua pindo la shuka yake, akatoa hela ile, akaiweka mkononi mwa babu, akamfunga vidole juu yake, akanyoosha mkono kaskazini, upande wa Tabora. Wakamzika pembeni mwa shamba, wakaweka mawe. Babu hakujua hela ni ya kupelekwa kwa nani, akaificha ukutani.

Mimi nilikwisha kuacha kukanyaga cherehani. Mzee Swedi alimwuliza mtu huyo alikuwa na umbo gani, ana kovu, ana jina. Kalunde hakuwa amezaliwa. Alichosikia kwa baba yake ndicho hicho tu. Kwa hiyo lililobaki ni hela. Kama chini ya ule ukijani kulikuwa na mistari mitatu, basi lile lilikuwa kaburi la Mihayo.

Kalunde alisema atakaa mjini wiki moja kwa dada yake, na akamwachia, hata kama itabidi ibaki naye zaidi ya hapo. Mzee Swedi akamimina mafuta ya karanga kwenye bakuli dogo, akaizamisha hela, akafunika kwa sahani. Akarudi kwenye saa zake, lakini siku ile hakutengeneza saa hata moja. Siku ya pili alifunua ile sahani labda mara ishirini. Siku ya tatu, mchana, nilisikia harufu ya limau. Nikageuka. Alikuwa amepakata kitambaa, majivu kwenye kifuniko cha kopo, na vidole vyake vinakwenda mbio.

Nikamwambia, "Mzee Swedi, si ulisema siku arobaini?"

Hakuinua kichwa. "Nimengoja miaka arobaini na tisa, Mwamini mwanangu. Siku arobaini nyingine siziwezi."

Ningeweza kumshika mkono. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumshika. Labda kwa sababu na mimi nilitaka kuona.

Magamba yalitoka. Likaonekana taji, ukaonekana ule mwaka, halafu shaba yote ikawaka nyekundu. Akaifuta, akaielekeza juani, akaweka kioo jichoni. Alitazama muda mrefu. Akaenda ndani, akaleta hela ya mama yake, akaziweka sambamba, akatazama tena. Ile ya mama ilikuwa nyeusi, na mistari mitatu ilionekana hata kwa macho yangu. Hii nyingine ilikuwa laini.

"Kuna kitu?" nikamwuliza.

"Kunang'aa," akasema.

Nikasema labda basi siyo, labda ni mtu mwingine. Akatikisa kichwa. Akavua kioo, akakiweka mezani, na akaongea polepole kama anayemweleza mteja.

"Mama alisema mkono wa baba ulikuwa mwepesi, na sindano haizami kwenye shaba. Kama mistari ilikuwepo, nimeifuta mimi, sasa hivi, kwa mkono huu. Kama haikuwepo, sitajua kamwe kwamba haikuwepo. Nilikuwa na hela, Mwamini. Sasa nina shaba."

Akakunja kitambaa. Hakulia. Alikaa pale mpaka kivuli cha baraza kikafika barabarani, na wateja waliokuja nikawaambia mimi warudi kesho.

Kalunde aliporudi mwisho wa wiki, Mzee Swedi alimweleza yote, tangu karakana ya reli mpaka limau, na hakujitetea. Nilitegemea atakasirika, kwa sababu ilikuwa hela ya nyumba yao. Kalunde akasema babu yake na baba yake wote walikufa na deni la moyoni, kwamba wamekaa na amana ya watu wasiowajua. Akamwomba waende wote akalione kaburi.

Mzee Swedi akasema, "Nikifika pale nitamwita nani?"

"Sisi miaka yote tunamwita Mgeni," Kalunde akajibu. "Tunapalilia. Njoo nawe upalilie."

Wakapanda lori la asali. Alikaa huko siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini alifungua meza yake na kufanya kazi. Alinisimulia kwamba alisimama mbele ya yale mawe, akataka kusema "baba", neno likakataa. Akasoma Fatiha kwa ajili ya mwenye kaburi, akapalilia, akaondoka.

Baada ya hapo hakununua tena hela za Tabora. Walioleta aliwaelekeza kwa wanunuzi wengine. Lakini sarafu nyingine aliendelea kuzitazama, na mtu akija na sarafu inayometa kwa limau, hakueleza tena habari ya ngozi na alama. Alisema tu, "Msugua hela ya kale hubaki na shaba," akairudisha. Watu wa sokoni wakalipenda neno hilo. Wakaanza kuwaambia wanaokoroga mambo ya wazee kwa haraka, na wanaomkaba mtu mzima kwa maswali mpaka anajibu lolote. Likavuka mtaa, likapanda treni. Wengi waliolisema walidhani ni mzaha wa mfanyabiashara.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, alikwenda Kitunda. Mwaka wa sabini na nne miguu ilikuwa imemchoka, akaniomba nimsindikize. Mimi nilikwisha kuolewa. Babu yenu akaniruhusu, akatupa na shuka nene ya safari. Tulilala kwa Kalunde, asubuhi tukaenda shambani. Palikuwa pasafi, mawe yamepangwa vizuri, na mahindi yamekwisha kuvunwa kwa hiyo unaona mbali kila upande. Nilimsaidia kupiga magoti, nikarudi nyuma nimpe nafasi. Lakini masikio hayana mlango, nilimsikia.

Alisema, "Kama ni wewe, baba, nimefika. Kama si wewe, basi wewe uliye huko karibu naye, mwambie nilimtafuta."

Akaweka kiganja juu ya jiwe, akakaa hivyo. Nilipomwinua, uso wake ulikuwa umetulia, lakini haukuwa uso wa mtu aliyepata. Ulikuwa uso wa mtu aliyezoea kungoja, na sasa anangoja bila haraka.

Tukiwa tunarudi nyumbani kwa Kalunde nikamwuliza, baada ya miaka yote hii, je, moyo wake haumwambii chochote? Akasema moyo unamwambia kila mwaka, na kila mwaka unasema lile analolitaka yeye, kwa hiyo hauwezi kuwa shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu, hela ile, alikaa ukutani karibu miaka hamsini akimngoja, na yeye alitakiwa kumngoja shahidi huyo siku arobaini tu.

Alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika hapa mjini, karibu na mama yake.

Msugua hela ya kale hubaki na shaba.