Pikipiki ya Lami na Njia ya Mlimani

Chawa ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini kidole kimoja hakina la kumfanya. Sharti kipate mwenzake. Mkunga mmoja na mumewe walilijua hilo maji yalipowafika shingoni.

Mume alikuwa fundi wa pikipiki, hodari wa kutajwa, hadi kiharusi kilipompooza mkono wa kulia na kumlegeza mguu. Akaifunga karakana yake iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, akanyamaza kama maji ya mtungini. Kisha mkewe akahamishiwa zahanati ya mlimani. Lami iliishia chini. Kutoka hapo ni mawe na tope. Asipopata namna ya kwenda na kurudi, ingembidi ahamie huko na kumwacha mgonjwa wake.

"Nenda ukakae huko," mume alisema bila kumtazama. "Mimi sasa ni mzigo tu."

"Mzigo wangu, uzito wake naujua mwenyewe," mke akajibu. "Nifundishe kuigeuza pikipiki yako ya zamani ipande mlima."

"Ile ni ya lami. Na mkono wa kuigeuza umekufa."

Mkunga hakubishana. Jumamosi aliingia karakanani, akaanza kuhangaika na nati ya ekzosi, lile bomba la moshi. Jasho likamtiririka, spana ikawa inateleza, inazila pembe za nati. Mlio ule ulimfikia mumewe chumbani, ukamchoma kama mwiba. Akaja akiburuta mguu, akaketi mlangoni.

"Unaiua hiyo nati," alisema. "Mtoto akigoma kutoka, humvuta hivyo?"

"Namsubiri."

"Basi itie mafuta, nayo uisubiri."

Tangu siku hiyo kichwa kikawa cha mume, mikono ya mke. Ekzosi waliipandisha juu isigonge mawe. Wakavalisha tairi zenye meno marefu, wakainua madigadi ya mbele tope lisikwame, wakafunga bati nene chini ya injini na kuweka shokapu ndefu za kuhimili mashimo. Mwishowe mkunga akaisimamisha kwa stendi, akarudi nyuma aitazame. Pikipiki ikainama taratibu, kama mzee anayesinzia, ikalala ubavu.

Kisha mume akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho nyumba ile ilikwisha kukisahau.

"Tumeipandisha kimo, stendi tukaiacha fupi. Fundi mzima nimesahau."

Wakatafuta kipande cha chuma cha kuirefushia. Kuchomelea hakufundishwi kwa maneno, kwa hiyo wote wawili walivaa miwani ya giza. Mke akakishika chuma kwa koleo, mume akachomelea kwa mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka. Mke akapeleka kiganja chake kingine chini ya kiwiko cha mumewe, nao ukatulia. Mshono ulitoka umepinda kama mapito ya nyoka, lakini ulishika.

Jumatatu mkunga alipanda mlima. Jioni akarudi ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, akamkuta mumewe amesimama nje na ndoo ya maji.

"Imepandaje?"

"Kama mbuzi. Na nimezalisha mapacha."

Mume akatabasamu, akamkabidhi kitambaa kimoja, kingine akabaki nacho. "Kesho nafungua karakana," alisema. "Ukirudi kutoka kazini, utanishikia chuma."

Wakaiosha pikipiki, huyu upande huu na huyu upande ule, tope likichuruzika miguuni pao. Waliosema walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.