Gari la Mteremkoni

Baba mmoja wa huku juu Tukuyu, jina lake Ambakisye, alikuwa na gari kuukuu la dizeli, na hakuna fundi aliyeligusa ila yeye. Alilipata likiwa limechoka, akalilea. Kila Jumamosi alitandika gunia chini yake, akalala chali, akalegeza skrubu ndogo iliyo chini ya filta, akaacha maji yaliyotuama humo yadondoke mpaka ianze kutoka dizeli tupu. Oili aliibadilisha mwenyewe, ile chafu akaikinga kwenye beseni. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba, aligeuza ufunguo nusu, akasubiri taa ya njano izimike, ndipo akawasha, maana injini ya dizeli haitaki pupa. Mwenye mgonjwa, mwenye msiba, mwenye bibi harusi, wote walibisha hodi kwake, naye hakumnyima mtu. Alipenda kuwa mtu anayeombwa. Kuomba yeye mwenyewe hakukuzoea.

Ikawa siku moja stata ya kuwashia injini ikagoma. Aligeuza ufunguo, ikalia ta! mara moja, kisha kimya. Akajaribu tena, ta! Ugonjwa aliujua: vipande vya kaboni ndani yake vilikuwa vimelika. Dawa yake ni kuifungua stata, kuvitoa na kuweka vipya, kazi ya siku nzima chini ya gari kwa mtu mwenye spana na subira. Vyote viwili alikuwa navyo. Lakini siku hiyo alikuwa na safari, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima, barabara ikiteremka tangu mlangoni. Akatoa breki ya mkono, akaliacha gari lijiendee. Lilipopata kasi akaingiza gia ya pili, akaachia klachi. Injini ikashtuka, ikanguruma. Ambakisye akacheka peke yake. Ilikuwa rahisi mno.

"Kesho naifungua," alimwambia mkewe, Tupokigwe. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mteremko ulikuwa pale kila asubuhi, hauchoki, haumwulizi kitu.

Taratibu mteremko ukaanza kumpangia maisha. Siku za soko aliliegesha kule juu kwenye kona, akatembea na mizigo begani. Kanisani, ambako kiwanja ni sawa, aliliacha mbali barabarani, akachelewa wimbo wa kwanza. Pasipo na mteremko aliiacha injini ikinguruma, akamaliza shida yake upesi, jicho likiwa dirishani. Vijana wa kijiweni wakampa jina. "Bwana Mteremko, leo unaliegesha juu ya paa?" Alicheka nao. Lakini wamsukume, hilo hakulikubali kamwe. Mtu anayebeba wagonjwa wa kijiji kizima, naye asukumwe kama mkokoteni, watoto wakishangilia? Moyo wake ulikataa, akasema hapendi kusumbua watu.

Ambakisye alikuwa na mama. Mama huyo aliishi bondeni Kyela, kwenye mashamba ya mpunga, ambako nchi imelala kama mkeka na maji yenyewe hayajui yaelekee wapi. Zamani mwanawe alishuka mara kwa mara, akala wali na samaki, akasinzia kivulini, jioni akapanda mlima. Stata ilipogoma, alianza kuwa na sababu. Mvua. Barabara. Kazi. Kila moja ilikuwa na ukweli wake kidogo. Ile ya kweli kabisa hakuitaja, kwamba uwanjani kwa mama yake hakuna mteremko wa kuviringisha hata kopo. Basi la abiria lilikuwapo, lakini alijiuliza mtu mwenye gari anashukaje kwenye basi mbele ya ndugu zake.

Na macho ya mama yalikuwa yanakwisha. Wakati wa mavuno akapiga simu Subilaga, dada yake aliyekaa na mama. "Kaka, mama sasa haoni hata mkono wake mwenyewe. Anakuulizia wewe tu. Anasema, kwa kuwa uso wako hatauona tena, basi akusikie."

Ambakisye akamwambia atashuka kesho. Kesho yake akaliteremsha gari, likawaka, akaenda.

Aliingia uwanjani injini ikinguruma, akaiacha ikinguruma. Mama alikuwa ameketi barazani, amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliposikia mlio alisimama, akaja akipapasa hewa, Subilaga amemshika kiwiko. Akafika dirishani, akaingiza mkono, akaupapasa uso wa mwanawe, paji, pua, kidevu. Midomo yake ilikuwa inasema. Lakini ile dizeli ya zamani ilikuwa ikigonga kama mashine ya kusaga, na Ambakisye hakusikia neno. Akatikisa kichwa kana kwamba anakubali. "Shikamoo, mama! Hujambo?" akapaza sauti. Mama akageuza sikio, akakunja uso. Naye hakusikia.

"Kaka, zima gari!" Subilaga akapiga kelele. "Chakula kinapoa ndani!"

"Nikizima haliwaki! Stata mbovu!"

Subilaga akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Akawatazama wajomba waliokuwa wakitoka kwenye nyumba za jirani, na shemeji zao, na watoto waliokwisha kulizunguka gari. Kisha akasema, "Haliwaki? Kwani sisi hatupo?"

Ambakisye aliushika ufunguo. Vidole vyake vilikaa pale. Akajiona ameketi ndani, jasho la watu likitoka kwa ajili yake, na mkono ukarudi kwenye usukani. Akasema ana haraka, atakuja siku nyingine akae vizuri. Akaushusha mfuko wa sukari na sabuni, akageuza gari, akaondoka. Mama alibaki amenyoosha mkono pale dirisha lilipokuwa.

Alipofika kwake juu aliliegesha mahali pake pa siku zote, pua ikitazama chini, akazima. Kimya kikamfikia. Tupokigwe alikuwa mlangoni akichambua maharage, akauliza kama mke yeyote angeuliza, "Mama anasemaje?"

Ambakisye akafungua kinywa. Mama yake alikuwa amesema naye uso kwa uso, mkono ukiwa shavuni pake, na yeye hakuwa na neno hata moja la kumpa mkewe. Tupokigwe akamtazama, akaelewa, akainamia maharage yake.

Asubuhi akatandika gunia, akachukua spana, akaingia chini ya gari. Akaishika nati ya kwanza ya stata. Hapo akawaza kwamba kazi ile ingemla siku nzima, na siku ya pili angetafuta kaboni, na kaboni zikipatikana angepata sababu nyingine, maana yeye mwenyewe alijijua sasa. Akaiacha nati ilivyo. Akatoka, akapangusa mikono, akateremka Kyela na gari bovu vilevile.

Safari hii aliliingiza katikati ya uwanja, mahali palipo sawa kuliko pote, akazima. Akasikia kuku, akasikia mchi wa jirani, akasikia nyayo za mama yake zikija, moja inaburutika kidogo. Hakujua kwamba mguu mmoja ulikuwa umeanza kumsumbua. Akashuka, akamshika mkono, wakaingia ndani. Walikula. Waliongea mpaka kivuli cha nyumba kikalifunika gari lote. Katikati ya maongezi akamwomba mama amwambie yale aliyoyasema jana dirishani.

Mama akasema, "Ya jana niliyasema jana, mwanangu."

Hakuyarudia, siku ile wala nyingine yoyote, na Ambakisye hakupata kuyajua.

Jua lilipopoa wakatoka wote kusukuma. Watoto walishangilia, kama alivyohofu. Mjomba mmoja aliuliza kama huko Tukuyu wanayajaza magari mawe, mwingine akasema mwenye gari ndiye mzito. Gari likasogea, likakwama kwenye mchanga, wakavuta pumzi, wakaanza tena. Ambakisye alikaa kwenye usukani, masikio yakiwaka moto, mguu kwenye klachi, akingojea kasi. Injini iliposhtuka na kushika alichungulia nyuma ili awapungie. Wengine walikuwa wamekwisha kuachia, wanacheka, wameshika viuno. Mikono miwili tu ilikuwa bado juu ya buti la gari, na ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa akitembea nyuma ya gari asiloliona, bado akilisukuma.

Nawe unayesikia haya, ni uwanja wa nani umeacha kuingia, kwa sababu ukizima pale itakubidi usukumwe?