Mgombea Aliyesahauliwa na Mji

Sogeeni karibu, maana hadithi hii siwezi kuipazia sauti. Ina watu watatu na nafasi moja. Nikifika mwisho nitanyamaza, na nyinyi ndio mtakaosema.

Katika mji wa Isebya, huko milimani ambako ukungu huweza kulala juu ya mashamba ya chai hata saa sita mchana, waliishi watu watatu wenye vipaji ambavyo majirani walivijua lakini hawakupenda kuvizungumza.

Wa kwanza aliitwa Anyitike, fundi cherehani, mwanachama wa Chama cha Mapambazuko, kile cha upinzani. Akiweka sikio ukutani alisikia maneno yaliyosemwa mahali pale, hata kama wasemaji walikwisha kwenda zao. Kuta za nyumba za watu hakuzigusa. Alisema si adabu.

Wa pili aliitwa Gwakisa, dereva wa lori la chai, mwanachama wa chama tawala tangu ujana wake. Asipotaka kuonekana, macho ya watu yaliteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Na aliyemshika mkono naye hakuonekana, lakini aliweza kumficha mmoja tu kwa wakati. Wa pili akishika, wote walionekana.

Wa tatu aliitwa Lusajo, mjane mwenye binti mdogo. Hakuwa na kadi ya chama chochote. "Wote huja mlangoni kwangu mwaka wa kura," alikuwa akisema, "na wote husahau njia." Lusajo akimwita mtu kwa jina lake, mtu yule hurudi, awe amezimia au homa imemchukua akili. Lakini kila alipomrudisha mtu, yeye mwenyewe alipoteza jina la mtu anayempenda, na jina hilo halikumrudia tena. Kwa hiyo aliita mara chache sana.

Sasa, mwaka ule wanachama wa Mapambazuko walikutana kuchagua mgombea ubunge. Walimchagua mwalimu Tulinagwe, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, wakamwacha shemeji wa Mzee Andembwisye, mwenyekiti wao. Mzee alimpa Tulinagwe mkono wa pongezi, lakini mkono ule, Tulinagwe alimwambia Anyitike baadaye, ulikuwa wa baridi.

Gwakisa alikuwa binamu yake Tulinagwe. Jioni ile alikwenda kula kwake.

"Kura yangu huipati, dada," alimwambia huku akinawa mikono.

"Sijakuomba kura, nimekuomba ule," Tulinagwe akajibu, na wote wakacheka.

Wiki ile ile, mchana, ukungu ulishuka sokoni ghafla. Watu walisikia gari likisimama, mlango ukifunguka, ukifungwa. Ukungu ulipoinuka, penye meza ya nyanya palibaki kiatu kimoja cha kike. Tulinagwe hayupo. Hakuna aliyepiga kelele.

Kisha mji ukaanza kumsahau.

Kwanza, picha zake zilizobandikwa kwenye nguzo zilipauka usoni, ingawa mvua haikunyesha. Jina la chama lilisomeka, rangi za chama zilionekana, lakini penye uso palikuwa peupe. Halafu ofisi ya chama ikaanza kusema kwamba mgombea bado hajapatikana. Wanachama waliompigia kura walipoulizwa, walikunja uso kama mtu anayetafuta neno, kisha wakasema, "Tulinagwe yupi?" Mama yake mzazi alitenga chakula, akaitazama sahani iliyozidi, akauliza, "Hii nimemwekea nani?"

Anyitike ndiye aliyegoma kusahau. Alikwenda sokoni, akapiga magoti penye ukuta wa choo cha soko, akaweka sikio. Akasikia sauti ya Tulinagwe ikisema, "Niacheni, mimi nina wanafunzi." Akafuata ukuta hadi ukuta, mchana kutwa, watu wakimcheka, watu wakimkwepa, mpaka ukuta wa mwisho wa mji, ule wa kiwanda kikuukuu cha kukaushia chai. Pale alisikia watu wengi. Hawakuwa wakipigwa. Walikuwa wakiulizwa kwa upole, tena na tena, "Wewe ni nani?" Na mmoja baada ya mwingine walikuwa wakijibu, "Sijui."

Alipoondoa sikio, sauti hazikuondoka. Mpaka leo hazijaondoka. Ukizungumza na Anyitike lazima urudie, kwa sababu anakusikia katikati ya sauti za watu wale.

Alikwenda kwa Gwakisa. "Binamu yako yuko kiwandani."

Gwakisa akamtazama. "Binamu yangu nani?" Na papo hapo akaogopa, kwa sababu aliliona pengo mahali pa jina. Alikuwa ameanza kusahau yeye pia. Akakaa chini, akashika kichwa. "Nitajie, Anyitike. Nitajie haraka."

Kesho yake ukungu uliposhuka, Gwakisa aliingia kiwandani. Aliwapita walinzi karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Ndani aliwakuta watu wameketi vitini, wameelekea ukutani, mikono magotini. Hawakufungwa kamba. Milango ya ndani ilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa akitoka, kwa sababu hakuna aliyejua atoke aende kwa nani. Miongoni mwao alimwona diwani wa chama chake mwenyewe, aliyewahi kuuliza swali kwenye kikao. Gwakisa alikuwa amekaa katika kikao kile kile, na hakuwahi kujiuliza diwani yule alikwenda wapi.

Angeweza kumtoa mmoja tu. Alimshika Tulinagwe mkono, ukawa mwepesi kama nguo tupu. Alipopita kwa diwani, diwani aligeuza kichwa, akamwona. Yule ambaye macho ya watu hayakumshika, alionwa na mtu asiyejua jina lake mwenyewe. Gwakisa akapita.

Tangu siku ile kipaji chake kimemgeukia. Sasa haonekani hata akitaka. Mkewe humjua yuko ndani anapokohoa.

Wakampeleka Tulinagwe kwa Lusajo. Aliketi alipoketishwa, akautazama ukuta.

"Nimwite?" Lusajo aliuliza. "Mnajua nitalipa nini?"

"Tunajua, dada," alisema Anyitike. "Hatuwezi kukulazimisha."

Binti yake alikuwa akicheza sakafuni na vifuniko vya chupa. Lusajo alimbeba, akambusu, akamtaja jina mara nyingi, polepole, kama mtu anayekula chakula ambacho hatakipata tena. Kisha akamweka chini, akamgeukia yule mgeni.

"Tulinagwe!"

Mwanamke akashtuka, akavuta pumzi kama aliyetoka majini, akalia kwa sauti. Na huko mjini, mama yake aliangusha mwiko, akatoka mbio barabarani akiita, "Mwanangu! Mwanangu yuko wapi?" Kwenye nguzo, uso ukarudi katika picha.

Lusajo akamwangalia binti yake. Alijua ni mwanawe. Alimpenda vilevile. Lakini alipofungua mdomo kumwita, jina halikutoka.

Siku iliyofuata wanachama wa Mapambazuko walijaa ukumbini, wakiwa wameinamisha vichwa kwa aibu. Siku ya mwisho ya kupeleka jina la mgombea ilikuwa kesho yake. Tulinagwe alisimama akishikiliwa na mama yake.

"Mimi siwezi tena," alisema. "Mtu akiniuliza mimi ni nani, natetemeka. Nafasi yangu mpeni aliyenirudisha. Na huyo akishinda, akawatoe waliobaki."

"Nani alikurudisha?" akauliza Mzee Andembwisye.

Anyitike akainuka. "Nisingesikiliza, hakuna ambaye angejua pa kwenda. Na mimi ni wa chama hiki. Nilibaki nacho wakati chama chenyewe kilipomkana mgombea wake. Nawasikia wale watu hata sasa. Mtu mwingine anaweza kuzoea ubunge akawasahau. Mimi sina namna ya kuwasahau."

Sauti ya Gwakisa ikatokea penye kiti kitupu, watu wakasogea. "Kusikia hakumtoi mtu. Mimi niliingia. Kadi yangu ya chama tawala nimeirudisha. Najua mlango, najua walinzi, na nimemwacha mle mtu aliyenitazama. Nipeni nafasi nikalipe."

Lusajo alisimama mwisho, mtoto mgongoni. "Mngekaa na kivuli tu kama nisingeita. Sina chama, na sheria inasema asiye na chama hagombei. Lakini chama ndicho kilichosahau. Mimi sikuwa na deni kwenu, na nimetoa kuliko wote. Wale wakitolewa, nani atawaita?"

"Anyitike hatusikii vizuri, atajibuje hoja bungeni?" mtu mmoja akasema.

"Na huyu hatumwoni, tutajuaje yupo?" akasema mwingine.

"Na huyu wa tatu hakuwahi kuwa mwenzetu," akasema wa nyuma kabisa.

Mzee Andembwisye akakohoa. "Basi niachieni mimi mwenyekiti niamue."

"Hapana," alisema Tulinagwe. "Wapige kura. Kwa mikono, tuonane."

Nje, ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na kwa mbali lilisikika gari likija taratibu. Mikono yote ilikuwa bado magotini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe wa pembeni unayetazama chini: aliyesikia, aliyeingia, au aliyeita? Mkono wako ungeuinua kwa nani? Na je, ungeuinua?